Pikipiki kuukuu inalia ndani ya injini: tapeti, cheni ya taimingi, klachi au konrodi?

Kabla hujamruhusu fundi ashike spana, jibu swali moja: injini yako ina cheni ya taimingi, ile ndogo ya ndani inayoendesha valvu, au haina?

Nauliza kwa sababu niliwahi kulipia kutojua. Pikipiki yangu ya pili niliinunua mkononi mwa mtu hapa Morogoro, ya Kichina, cc 125, imeshapiga bodaboda kwa miaka. Ikawa inalia. Fundi wa kwanza aliisikiliza kidogo tu akasema, “Kaka, hii taimingi cheni imeisha. Niachie mpaka kesho.” Kesho yake nikalipa cheni na ufundi, na mlio ukawa palepale. Baadaye, tulipofungua kichwa cha injini ile mimi na mzee mmoja anayeijua kazi yake, nikaona kwa macho yangu kwamba haina cheni ya taimingi. Haikuwa nayo tangu kiwandani.

Kwa hiyo tulinganishe injini zenyewe kwanza, milio ifuate.

Injini ya vijiti na injini ya cheni

Pikipiki nyingi za Kichina tulizozizoea barabarani zimebeba injini ya ukoo wa Honda CG125. Honda waliitoa mwaka 1976 wakilenga nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo, oili huchelewa kubadilishwa na fundi mwenye vifaa yuko mbali. Injini yenye kamshafti (shafti yenye nundu za kufungulia valvu) juu kichwani huizungusha kamshafti hiyo kwa cheni, na cheni ndiyo ya kwanza kuumia oili inapopungua au kuchafuka. Wao wakaishusha kamshafti chini karibu na kranki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, wakaiendesha kwa gia, na vijiti viwili ndivyo vinavyopanda juu kusukuma roka, vile vidole vinavyobonyeza valvu. Viwanda vya China vikaichukua injini hiyo na kuitengeneza kwa majina mengi mno.

Upande wa pili kuna pikipiki kama Bajaj Boxer na TVS HLX. Hizi kamshafti iko juu na inazungushwa na cheni ndogo inayopita kwenye mfereji ubavuni mwa bloku, yaani silinda. Cheni hiyo hukazwa na tenshena.

Kuzitofautisha hakuhitaji kufungua chochote. Chuchumaa uitazame bloku vizuri, hasa upande wa nyuma chini ya kabureta. Ukiona kipande kidogo kimefungwa kwa bolti mbili na ndani yake kinasukuma kitu, hiyo ni tenshena, na pikipiki yako ni ya cheni. Injini ya vijiti haina kitu cha kukaza, kwa hiyo haina tenshena.

Hata sauti zao za kawaida si sawa. Ya vijiti, ikiwa nzima kabisa, hulia tapeti (pale roka inapogonga valvu) kidogo kama cherehani inayoshona kwa mbali, kwa kuwa ina vyuma vingi vinavyogusana kati ya kamshafti na valvu. Aliyezoea Boxer akipanda pikipiki ya vijiti atadhani ina ugonjwa. Aliyezoea ya vijiti naye atapanda Boxer yenye cheni iliyolegea aione ni ya kawaida tu, na huyo ndiye atakayepata hasara.

Maliza ya nje kwanza

Pima oili. Isimamishe pikipiki wima, isiegemee stendi ya pembeni, na kama ni ya aina ya Honda usikikaze kijiti cha kupimia, kiweke tu juu ya nyuzi za tundu ndipo ukitoe usome. Injini hizi hubeba karibu lita moja tu, kwa hiyo robo lita ikipungua ni sehemu kubwa. Oili ikiwa chini au nyepesi kama maji, kila nilichokiandika hapa chini kinaweza kulia kwa pamoja, na utahangaika bure kukitafuta kimoja.

Kisha shika kila kinachoning'inia. Injini ikiwa inanguruma, bonyeza kwa kipande cha mbao ngao ya eksozi, mfuniko wa cheni ya nje, madgadi, bampa. Mlio ukikatika, umempata. Eksozi yenyewe ikiwa ya baridi, igonge kwa kiganja usikilize kama kuna bati lililokatika ndani. Kaza bolti zinazoishika injini kwenye fremu. Mlio unaotokea katikati ya resi tu, ukipunguza haupo na ukiongeza haupo, mara nyingi ni wa kitu kilicholegea nje kinachotetemeka mtetemo unapolingana nacho. Kijana wa kijiwe cha jirani yangu alikuwa na mlio wa namna hiyo, na wenzake walishamwambia ni konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki. Ilikuwa bolti moja ya kushikia injini imedondoka.

Yote hayo ni kazi ya nusu saa. Hata kama una uhakika mlio uko ndani, usiiruke.

Bisibisi sikioni

Kwa mlio wa ndani, kifaa bora nilichokitumia ni bisibisi ndefu. Ncha unaigusisha kwenye chuma cha injini, mpini unauweka kwenye mfupa mbele ya sikio. Anza juu kwenye kifuniko cha tapeti, shuka kwenye bloku, halafu kifuniko cha klachi kulia, halafu cha magneti kushoto. Mafundi wengine wana stethoskopu ya mashine, nayo ni nzuri zaidi kwa kutenganisha sehemu zilizokaribiana, ila bisibisi inatosha kukuambia juu au chini, kulia au kushoto. Kurekodi kwa simu ukamtumia fundi hakusaidii hivyo. Kipaza sauti cha simu hukusanya kila kitu pamoja, tena simu nyingi hukata zile sauti nzito za chini, na hizo ndizo za kuogopwa.

Hapa kuna jedwali la kuanzia. Maelezo yanafuata, na usiamue kwa jedwali peke yake.

| Kinacholia | Sauti yake | Inapozidi | Jaribio |
|---|---|---|---|
| Tapeti | cherehani | wakati wote, juu kichwani | pima nafasi ikiwa baridi |
| Cheni ya taimingi | punje za mahindi kwenye debe | kuwasha baridi, na unapoachia mafuta | sikiliza ubavu wa bloku, kagua tenshena |
| Klachi | njuga | ikiwa imesimama bila gia | vuta klachi |
| Pistoni | kugota kwa mbao | baridi, kisha hupungua | subiri ipate moto |
| Konrodi | mchi kwenye kinu | ikiwa moto na chini ya mzigo | kranki kwa mkono |

Tapeti au cheni

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa kuwa zote mbili hulia juu.

Kila valvu hufunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya kranki. Injini ikinguruma taratibu kwa mizunguko 1,400 kwa dakika, tapeti moja hugonga mara 700. Kwa hiyo mlio wake ni wa kuhesabika, una mpangilio, ti-ti-ti-ti, na ukiongeza mafuta unaharakisha bila kubadilika tabia. Cheni haina mpangilio huo. Inachakacha, inajikusanya na kuachia, na husikika zaidi pale unapopiga resi kisha ukaachia mafuta ghafla, maana upande uliokuwa umevutika unalegea na cheni inapiga ukuta wa mfereji wake. Asubuhi ukiwasha inachakacha sekunde kadhaa halafu inatulia. Hiyo ni dalili ya mapema. Ikifika hatua ya kuchakacha mchana kutwa, umeshachelewa.

Gharama nazo hazifanani. Tapeti unazirekebisha asubuhi moja kwa spana na fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Injini iwe ya baridi kabisa, imelala usiku. Zungusha kranki hadi alama ya T ya magneti ionekane (pistoni ikiwa juu kabisa), hakikisha roka zote mbili zinacheza (zisipocheza, zungusha mzunguko mmoja zaidi), kisha pima. Honda CG125 hupewa milimita 0.08 kwa valvu zote mbili. Pikipiki nyingine zina namba zao kwenye kitabu, na nyingi hutaka nafasi kubwa zaidi upande wa eksozi. Usikaze kwa sikio mpaka kelele iishe. Tapeti inayolia kidogo inaumiza masikio tu, lakini iliyobanwa hadi kimya inaiacha valvu ya eksozi wazi kidogo, moto unapita pembeni yake, na valvu inaungua. Nimeona vijana wakisifu fundi kwa sababu injini imenyamaza, na baada ya muda pikipiki haiwaki tena ikiwa moto.

Lipo pia jambo ambalo ndilo lililonisumbua kwenye ile pikipiki yangu. Nilirekebisha tapeti mara tatu kwa kipimo sahihi na bado ikalia. Yule mzee alipotoa roka akanionyesha ncha yake: imechimbika kishimo kidogo pale inapogusa valvu. Fila geji, kwa kuwa ni bapa, ilikuwa inakaa juu ya kingo za kishimo na kusoma 0.08, huku nafasi ya kweli katikati ni kubwa zaidi. Roka mpya mbili, gasketi ya kifuniko, basi. Ukipima vizuri na ikaendelea kulia, usirukie kushusha injini. Toa roka uitazame.

Kwa upande wa cheni, usikimbilie kununua cheni. Anza na tenshena. Ya zamani ya kukaza kwa mkono huenda inahitaji tu kulegezwa nati yake, springi ijisukume, kisha ikazwe tena. Ya kujikaza yenyewe hukwama kwa uchafu. Ukiitoa, angalia kijiti chake kimetoka kiasi gani. Kikiwa kimetoka karibu chote, cheni imerefuka na tenshena haina lawama. Kikiwa kimekwama ndani, tatizo ni tenshena. Na tafadhali, tenshena ikiwa nje usizungushe injini hata kidogo wala usiguse kiki. Cheni ikiruka meno, valvu inaweza kukutana na pistoni siku utakayowasha.

Kama unabadilisha cheni, badilisha na zile reli za plastiki inazoteleza juu yake. Reli iliyolika inaila cheni mpya.

Klachi: jaribio la sekunde tatu

Hii ni rahisi, nashangaa wengi hawaifanyi. Pikipiki imewashwa, haina gia, inalia. Vuta klachi. Mlio ukiondoka au kubadilika waziwazi, na ukirudi ulipoachia, tatizo liko kwenye nyumba ya klachi au beringi ya shafti ya kuingilia giaboksi. Halina uhusiano na pistoni, valvu wala konrodi. Springi au riveti za nyumba ya klachi hulegea kwa umri, inacheza, inalia kama njuga. Unafungua kifuniko cha kulia tu, injini inabaki kwenye fremu.

Pikipiki nyingi hutembea na njuga hiyo muda mrefu bila madhara makubwa, ilimradi riveti hazijaanza kukatika. Kwa hiyo kama fedha ni ya kuchagua, klachi inaweza kusubiri kuliko cheni.

Pistoni au konrodi

Hizi mbili hulia chini zaidi, kwa sauti nzito, na kuzichanganya ni hasara kubwa kuliko zote. Moja inaweza kuvumiliwa, nyingine haivumiliki.

Tofauti kubwa ni joto. Pistoni iliyolegea kwenye bloku hugota asubuhi injini ikiwa baridi, kisha ikipata moto pistoni inatanuka, nafasi inapungua, mlio unafifia. Konrodi hufanya kinyume. Asubuhi oili ni nzito na inaifichia beringi iliyolika, na oili ikichemka na kuwa nyepesi mlio unajitokeza, tu-tu-tu kama mchi kwenye kinu, kwa kila mzunguko wa kranki, na ukipakia abiria kupanda mlima inazidi. Mlio wa kinu unaozidi kwa joto na mzigo ukiusikia, zima. Usimalizie hesabu ya siku. Konrodi ikikatika inaweza kutoboa kasha zima la injini, na ikijam kwenye mwendo gurudumu la nyuma linafunga ghafla ukiwa barabarani.

Uhakika unaupata hivi. Toa plagi. Zungusha kranki kwa nati ya magneti hadi pistoni ikaribie juu, halafu itikise mbele na nyuma polepole kwa mkono. Ukisikia au kuhisi kigongo kidogo kabla pistoni haijaanza kusogea, kuna nafasi mahali, ama kwenye pini ya pistoni ama chini kwenye konrodi. Bloku ikishatolewa, shika konrodi uivute juu na kuisukuma chini. Isicheze hata kidogo. Lakini kucheza kushoto na kulia ni kawaida yake, imeundwa hivyo. Wapo mafundi wanaoitikisa kwa pembeni mbele ya mteja na kumwambia, “Bosi, unaona? Imekwisha.” Mwambie aivute juu na chini.

Oili ya zamani nayo inasema. Imwage kwenye beseni safi, pitisha sumaku ya spika ya redio mbovu. Chembe zinazoshikwa na sumaku ni chuma: gia, beringi, kranki. Zinazong'aa kama fedha bila kushikwa ni aluminiamu, mara nyingi ya pistoni au kasha. Vipande vyeusi vya plastiki ni reli za cheni. Unga mwembamba kidogo kwenye injini ya zamani usikutishe. Vipande vinavyoonekana kwa jicho ndivyo vya kusimamisha kazi.

Kokoto kwenye kopo

Mlio mwingine hautoki kwenye chuma kilicholegea. Ukipanda milima ya Mgeta na mzigo, gia kubwa, mafuta yamefunguliwa yote, unasikia kama kokoto ndogo zinatikiswa kwenye kopo. Ukipunguza gia unaisha. Hapo mafuta yanalipuka vibaya ndani ya silinda: taimingi ya moto (wakati plagi inapotoa cheche) iko mbele mno, kaboni imejaa kichwani, petroli mbovu, au upepo unaingia pembeni mwa kabureta. Hakuna haja ya kufungua chini. Kaza kabureta, safisha, kagua plagi, badilisha kituo cha mafuta.

Sasa uchague nini

Njia ziko nne, na mimi huzipanga kwa kile jaribio lilichoonyesha, sijali fundi anapenda ipi.

Tapeti, tenshena, bolti za nje, klachi: rekebisha bila kushusha injini. Kama fundi anasisitiza kuishusha kwa lolote kati ya haya, tafuta mwingine.

Pistoni inayogota asubuhi tu, bila moshi wa bluu na bila kunywa oili: nakushauri uvumilie, ukibadilisha oili mapema na kuiacha ipate moto kidogo kabla ya kuipakia. Ikianza moshi, fungua nusu ya juu: kuboa bloku (kuitanua kwa mashine), pistoni na ringi za saizi inayofuata. Bloku ipimwe kwanza. Kutia ringi mpya kwenye bloku iliyochakaa ni fedha ya bure, nayo inafanyika kila siku kwa sababu ni rahisi kwa siku ile.

Konrodi: shusha yote, hakuna njia ya mkato. Na hapa usiache kitu. Ukishafungua kasha, weka konrodi na beringi za kranki mpya, sili zote, na osha njia za oili pamoja na kichujio. Injini za ukoo wa CG zina kichujio cha kuzunguka upande wa klachi kinachokusanya tope. Wengi hukisahau, na ile konrodi mpya inaanza maisha ikinyimwa oili safi.

Njia ya nne ni injini ya mtumba. Inavutia, unaitoa ile unaweka hii jioni hiyohiyo. Siipendi. Unanunua mlio mwingine usiojua historia yake, na namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya pikipiki, kwa hiyo ni lazima uipeleke kadi TRA ibadilishwe, la sivyo siku ya kuuza au ya kusimamishwa utaulizwa. Ningeikubali tu pale kasha la zamani limetoboka.

Na usikubali ushauri wa kutia oili nzito kuliko inayotakiwa ili injini inyamaze. Inanyamaza kweli, kwa kuwa oili nzito inajaza nafasi, lakini asubuhi inachelewa kufika juu kichwani. Tumia uzito ulio kwenye kitabu, na iwe ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, maana oili nyingi za gari huifanya klachi iteleze.

Kuinyamazisha injini ni mbinu ya wauzaji pia. Ukienda kununua pikipiki ya zamani, fika asubuhi na uishike bloku kwa kiganja kabla hajaiwasha. Ikiwa ya moto, ujue imeshapashwa, na mlio wa baridi wa pistoni na cheni umeshapita. Mwombe uisubiri ipoe, au mwambie utarudi kesho na usimwambie saa.